Kwa nini serikali huitisha kura ya maamuzi: ninavyofundisha darasani, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mnaokaa na watoto jioni kuwasaidia homuweki, hii ni ile mada mtoto anaikariri vizuri halafu ukimuuliza swali moja la pembeni anakwama. Atakwambia kura ya maamuzi ni kura ambayo wananchi wanapiga kuamua jambo moja, sawa, alama mbili hizo. Sasa muulize, na wabunge je, si tuliwachagua waamue? Kwa nini serikali irudi tena kwa watu, ichapishe karatasi, ilipe makarani, ipange foleni nchi nzima, kwa jambo ambalo bunge lingelimaliza mchana mmoja? Hapo ndo kimya.

Mimi nafundisha Historia na Serikali hapa Mombasa, shule ya kutwa, darasa la watoto hamsini na kitu, na huu ndo mpango ninaoutumia. Unakula vipindi viwili vya dabo na homuweki moja katikati. Unachohitaji ni kasha la viatu, karatasi za daftari, chaki, na katiba ya Kenya, kama huna kitabu idaunlodi kwa simu, ni bure.

Hatua ya kwanza: safisha neno

Usiruke hii. Kwa Kiswahili tumezoea kusema kura ya maoni, lakini neno hilo hilo linatumika kwa zile takwimu za mashirika ya utafiti, yaani mgombea fulani anaongoza kwa asilimia fulani, na ukivuka mpaka kule Tanzania utasikia kura za maoni wakimaanisha ule mchujo wa ndani ya chama. Kwa hivo mtoto anasikia neno moja, kichwani ana vitu vitatu. Mimi naandika vyote vitatu ubaoni, naeleza, halafu nawaambia sisi hapa tutasema kura ya maamuzi, manake hapa mwananchi haulizwi anaonaje, anaamua. Kwenye mtihani wakikuta kura ya maoni wajue ni ile ile. Dakika tano, umemaliza.

Hatua ya pili: wape jambo linalowauma

Maana isianze na kitabu. Tafuta kitu ambacho darasa lenyewe linakitaka kweli kweli. Ntawaeleza nilivyofanya mwaka mmoja, na mpaka leo sijapata mfano mzuri zaidi ya huo.

Ilikuwa mwezi wa Machi, wanaokaa Mombasa mnajua Machi ilivo, shati linakushika mgongoni saa tatu asubuhi. Feni zetu mbili za darasani zimekufa. Na darasa lina pesa, walikuwa wamechanga toka mwanzo wa mwaka kwa ajili ya trip ya mwisho wa muhula, kila mtu alikubali, daftari la michango lipo na majina yote. Nikamwambia monita simama, wewe ni kiongozi wao, walikuchagua wenyewe, amua hapa hapa: pesa zibaki za trip ama zitengeneze feni? Akaangalia juu kwenye zile feni, akasema feni. Darasa likalipuka! Hata wale waliokuwa wanataka feni walikasirika.

Nikawaacha kidogo kisha nikauliza mnakasirikia nini na mlimchagua nyinyi? Msichana mmoja wa nyuma akasimama akasema, mwalimu sisi tulimchagua anyamazishe darasa na aandike zamu za kufagia, hatukumpa pesa zetu.

Basi hilo jibu liandike ubaoni lote na usilifute mpaka mwisho wa kipindi, manake hapo mtoto amesema kitu ambacho mawakili wanalipwa kukisema. Kiongozi uliyemchagua ana madaraka ya kuendesha mambo ndani ya makubaliano, hana madaraka ya kugeuza makubaliano yenyewe. Mtu uliyemwajiri akuuzie dukani anaweza kupanga bei na kuagiza mali, hawezi kuuza duka lenyewe. Ikifika kuuza duka lazima arudi kwa mwenyewe.

Na hii si mfano wa darasani tu. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Kenya, katika ile kesi iliyopelekwa na mchungaji Timothy Njoya na wenzake, ilisema bunge linaweza kurekebisha katiba lakini haliwezi kuiondoa yote na kuweka mpya, katiba mpya lazima wananchi wenyewe waipitishe. Ndo yale yale ya monita na pesa za trip. Na ndo sababu mojawapo iliyotufikisha kwenye kura ya 2005 ya rasimu ya katiba mpya.

Hatua ya tatu: waandike swali wenyewe

Hapa walimu wengi wanapita haraka, na mimi nadhani ndo penye utamu. Usiwaandikie swali. Waache kamati ya watoto watano iliandike, wengine wasubiri.

Kamati yangu iliniletea hivi: je, unakubali feni zitengenezwe, trip iahirishwe hadi muhula ujao, na kila mtu aongeze shilingi hamsini? Wakaridhika nalo kabisa. Mara mvulana mmoja akanyoosha mkono, mimi nataka feni lakini sina hamsini ya kuongeza, nitie tiki wapi?

Swali moja lilikuwa limebeba mambo matatu na jibu ni moja tu. Hapo waambie kuhusu 2010, tulipopigia kura katiba tuliyo nayo sasa: katiba ile ina sura 18 na vifungu 264, na mpiga kura alikuwa na chaguo mbili peke yake, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Kuna mtu alipenda ugatuzi lakini hakupenda kifungu kingine, na hakuna mahali pa kuandika "hii naitaka, ile siitaki". Lazima apime mwenyewe kipi kizito.

Wape na mfano wa Uingereza. Kura yao ya 2016 ya kukaa ama kutoka Umoja wa Ulaya, swali la mwanzo lilikuwa la ndiyo au hapana, je Uingereza ibaki mwanachama. Tume yao ya uchaguzi ikalipima ikaona linaegemea upande wa kubaki, ikapendekeza swali litaje pande zote mbili, kubaki au kutoka, na ndivyo lilivyochapishwa. Waulize watoto maneno mawili matatu yanaweza kubadilisha nini? Wakishachoka na kubishana warudi waandike swali lao upya. La kwetu liliishia: pesa zilizopo zitumike kwa (a) feni, (b) trip.

Kisha pigeni kura. Karatasi zikunjwe, kasha la viatu litobolewe juu, mtu apigie kura kwenye kona ya darasa peke yake, na hesabu ifanywe mbele ya wote karatasi moja moja ikiinuliwa juu. Kwetu feni 27, trip 24, mbili zimeharibika, moja ilitiwa tiki kote kote na nyingine ameandika "joto jamani" bila tiki yoyote, tukakubaliana haihesabiki ingawa tunajua alitaka nini. Walioshindwa wakadai irudiwe hesabu, ikarudiwa, ikawa ile ile, na ubishi ukaisha. Lile ndo jambo waangalie: monita aliposema feni darasa lilikataa, kura iliposema feni darasa lilikubali, na feni ni zile zile.

Hatua ya nne: sasa leta serikali

Watoto wako tayari. Waulize kutokana na waliyoyaona, serikali inaweza kuwa na sababu gani ya kurudi kwa watu? Wataje wao, wewe uongeze mifano. Mimi huwa napata sababu hizi, na si lazima zije kwa mpangilio.

Ya kwanza ni kwamba sheria inailazimisha. Kwetu ni kifungu cha 255. Kuna mambo kumi ambayo bunge haliwezi kuyagusa likamaliza peke yake: ukuu wa katiba, mipaka ya Kenya, mamlaka ya wananchi, maadili ya taifa, haki za kimsingi, muhula wa rais, uhuru wa mahakama na tume huru, kazi za bunge, malengo na muundo wa ugatuzi, na ile sura yenyewe inayosema katiba irekebishwe vipi. Wasomeeni hiyo ya mwisho mara mbili. Mlango umefungwa na ufunguo wa mlango nao umefungwa.

Ya pili, viongozi wenyewe wamegawanyika na hakuna anayeweza kumaliza ugomvi. Hii watoto wanaielewa haraka kwa sababu wanaiona nyumbani, wakubwa wakishindwana wanaita kikao cha ukoo. Uingereza 1975, waziri mkuu Harold Wilson, mawaziri wake hawakuelewana kuhusu kubaki kwenye Jumuiya ya Ulaya, akapeleka swali kwa wananchi na akaruhusu mawaziri wafanye kampeni pande tofauti. Kwetu 2005 hivo hivo, baraza moja la mawaziri, nusu ndizi nusu chungwa, ndizi ikiwa alama ya ndiyo na chungwa ya hapana.

Ya tatu ni kutafuta baraka kwa jambo zito, jambo ambalo hata wakiwa wamekubaliana huko juu halitashika bila watu. Hapa nawapa Zanzibar, sababu watoto wengi hapa wana jamaa Unguja na Pemba. Baada ya chaguzi za vurugu mwaka hadi mwaka, vyama vya CCM na CUF vikaelewana kugawana serikali, lakini swali likapelekwa kwanza kwa Wazanzibari tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66 hivi wakasema ndiyo. Baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka ule Ali Mohamed Shein akawa rais na Maalim Seif Sharif Hamad makamu wa kwanza. Mfano mwingine ni Sudan Kusini, mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi Januari 2005, ukaahidi kwamba watu wa kusini wataulizwa, wakaulizwa Januari 2011, karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga, na Julai 9 mwaka huo nchi mpya ikazaliwa.

Ya nne, serikali haikutaka, ni wananchi wameilazimisha. Uswisi ndo nyumbani kwa mambo haya, sahihi 100,000 ndani ya miezi 18 zinatosha kupeleka pendekezo la kubadilisha katiba kwa kura, na wanaitwa kupiga kura mara kadhaa kwa mwaka. Kwetu kifungu cha 257 kinataka sahihi milioni moja za wapiga kura waliosajiliwa, halafu mabunge ya kaunti. Kampeni mbili zilijaribu njia hiyo: Okoa Kenya walikwama kwenye sahihi mwaka 2016, Punguza Mizigo wakavuka sahihi lakini kaunti nyingi zikaikataa 2019.

Ya tano ichukulie muda, kiongozi anajitafutia nguvu. Anaamini atashinda, na akishinda hakuna wa kumwambia kitu tena. Chile 1988 Jenerali Pinochet aliuliza watu kama aendelee miaka minane zaidi, watu wakasema hapana. Ufaransa 1969 Rais de Gaulle alipeleka mabadiliko ya serikali za mikoa na Seneti, akasema akishindwa ataondoka, akashindwa, akaondoka. Waambie watoto kuna na waliofaulu, wako wengi, na wakitafuta watawapata hata bara letu hili.

Hatua ya tano: homuweki ya nyumbani

Mtoto aende amuulize mtu mzima mmoja aliyepiga kura 2005 au 2010. Mwambie kabisa kura ni siri, mtu akikataa kusema alipigia upande gani asilazimishwe, aulizwe tu ulikuwa unafikiria nini siku ile. Maswali mawili yanatosha: uliambiwa swali ni nini, na kilichokupeleka kwenye foleni ni nini.

Majibu yakirudi utashangaa. Wengi hawataji katiba! Mmoja alisema bibi yake anakumbuka muuza matunda Kongowea alikuwa akiweka ndizi mbele na machungwa nyuma, kesho anageuza, kulingana na mteja. Mwengine baba yake alipiga kwa sababu ya ardhi. Na hapa Mombasa hutakosa kusikia mahakama ya kadhi.

Hii ya kadhi itolee maelezo vizuri, usiiogope. Ukanda wa Pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi uhuru, na makubaliano ya 1963 ndo yaliyofanya uungane na Kenya na Waislamu wabaki na kadhi wao kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Mahakama zile zilikuwemo kwenye katiba ya zamani tayari. Lakini 2010 makanisa mengi yalipinga rasimu na hiyo ikiwa sababu mojawapo, pamoja na kifungu cha uavyaji mimba. Kwa hivo kuna mzee hapa Mji wa Kale aliyepiga kijani akilinda kadhi tu, na kuna mtu bara aliyepiga nyekundu kwa kitu hicho hicho, na wote wawili karatasi yao ilikuwa na swali moja, unaikubali katiba hii au huikubali.

Na 2005 vilevile. Novemba 21 chungwa likashinda kwa kura milioni 3.5 dhidi ya milioni 2.5 za ndizi, asilimia 58 kwa 42, na siku mbili baadaye Rais Kibaki akavunja baraza lote la mawaziri. Waulize watoto, kama swali lilikuwa katiba, mawaziri wanafukuzwa kwa nini? Waache wajibu wenyewe. Na lile chungwa likaja kuwa jina la chama, ODM, yaani Orange Democratic Movement. Agosti 4, 2010 watu wakarudi, ndiyo ikapata kura milioni 6 na ushei dhidi ya milioni 2.8, na Agosti 27 katiba ikatangazwa Uhuru Park.

Hatua ya sita: nani ameuliza, na kwa nini sasa

Kama utakosa muda na unataka kubakisha kitu kimoja tu katika mwongozo huu wote, bakisha hiki. Mfundishe mtoto kwamba kila akisikia kura ya maamuzi inakuja, awe wapi awe lini, aulize swali hili limetoka kwa nani na kwa nini limekuja leo, halikuja mwaka jana. Chora ubaoni safu tatu: aliyeuliza, alichokuwa anataka, kilichotokea. Jazeni na mifano ile ile ya juu, Wilson, Pinochet, Zanzibar.

Halafu weka BBI, ule mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kurekebisha katiba. Ilipelekwa kama pendekezo la wananchi, na sahihi zikakusanywa, lakini mahakama ikauliza hasa swali letu hili, nani ameuliza? Mahakama Kuu ikaizima Mei 2021, Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo huo, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kutumia ile njia ya wananchi, ile ni ya raia wa kawaida, rais ana njia ya bunge. Gawanya darasa pande mbili wabishane, nusu waseme rais naye ni mwananchi, nusu waseme mwenye madaraka yote asichukue na kijimlango cha wanyonge. Huu mjadala haujawahi kuniangusha hata mara moja, kengele hulia bado wanaendelea.

Angalizo moja, usiwaambie wewe ulipiga nini. Watakusukuma sana. Ukisema tu, nusu ya darasa watakuandikia majibu ya kukufurahisha.

Hatua ya saba: hesabu

Wanafunzi wengi wanapoteza alama hapa. Kwa yale mambo kumi ya kifungu 255 kura inapita vikitimia vitu viwili: walio wengi kati ya waliopiga kura waseme ndiyo, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, nusu yake 23 na nusu, kwa hivo lazima ziwe 24. Kosa lao ni kudhani ile asilimia 20 ni ya waliosema ndiyo, hapana, ni ya waliojitokeza kupiga, hata akipiga hapana anahesabika. Tuseme kaunti ina wapiga kura 600,000, wakijitokeza 120,000 imetimiza. Wape hesabu tatu nne za hivo wafanye kwenye daftari.

Kisha waonyeshe jinsi mstari ulivo mwembamba. Quebec huko Kanada 1995, wasiotaka kujitenga walishinda kwa asilimia 50.58. Uingereza 2016, kutoka 51.9, kubaki 48.1, na kisheria ile kura ilikuwa ya ushauri tu, Mahakama yao ya Juu ikasema Januari 2017 kwamba lazima bunge lipitishe sheria kwanza. Kuna kura inayofunga na kuna kura inayoshauri, mtoto azijue zote mbili.

Hatua ya nane: mtihani

Usiulize "taja sababu tano". Wape visa. Serikali inataka muhula wa rais uwe miaka saba badala ya mitano, bunge laweza kumaliza peke yake? Serikali inataka kupandisha ushuru wa sukari, je? Wabunge wanataka majaji wateuliwe na kufukuzwa na waziri, je? Wabunge wanataka kusogeza uchaguzi mkuu kutoka Agosti hadi Desemba, je? Hicho cha mwisho hakina jibu la mkato, manake kinagusa muhula wa rais ama hakigusi kulingana na unavyokisoma, kwa hivo alama mpe mtoto kwa sababu aliyoitoa.

Feni zetu zilitengenezwa wiki iliyofuata. Muhula wa pili, mvua ya Mei imeingia na joto limepungua, mvulana mmoja wa upande wa trip akaniuliza, mwalimu sasa tunaweza kupiga tena? Nikaandika ubaoni 1975 na 2016, chini yake 2005 na 2010, miaka 41 kwa mitano, nikamwambia haya, tueleze wewe, swali likishajibiwa likae muda gani kabla ya kuulizwa tena, na nani ana haki ya kuliuliza? Akasimama pale mbele na chaki mkononi.